Maji Meusi na Mkono wa Kupikisha

Reynoldsburg, Columbus
14 Aprili 2024

Shangazi wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono yangu miwili, na kwa mingine miwili ninayoazima kwa mume wangu. Mume wangu! Nimeandika neno hilo, nikainua kalamu, nikalitazama. Nitaliandika tena kabla karatasi haijaisha, univumilie.

Sisi ni wazima. Baba na Mama kule Louisville ni wazima pia. Mguu wa Baba umeanza kumtii, anapanda ngazi ya kanisa bila kushikwa. Vipi huko Cheektowaga, theluji imeondoka? Na binti yako Hadassa, bado unamwamkia kwa Kiswahili yeye anakujibu Kiingereza?

Nakuandikia barua kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba habari za ndoa hazisemwi kwenye simu. Basi sikiliza habari za ndoa. Siku ya harusi nilikuwa mzuri, Shangazi, najisifu kwa sababu hukuniona. Kiti chako cha mstari wa mbele kilibaki kitupu. Mama alikiwekea mkoba wake ili watu wasiulize. Ulisema kazi haikukupa ruhusa, nami nimeamini. Lakini nilipokuwa naingia kanisani nilikitazama kile kiti kabla sijamtazama Eliezer.

Ngoja nikuambie juu ya Eliezer. Akicheka, bega lake la kushoto linatangulia, kicheko kinafuata. Asubuhi anaweka viatu vyangu karibu na radieta ya kupashia nyumba joto ili nisivae baridi. Nikirudi kutoka dukani ninakofanya kazi, ananiuliza habari za kila mteja kana kwamba ni ndugu zake. Na kazi yake, bon, kazi yake ni ya ajabu. Kuna profesa Mtunisia huku chuoni, kwao wanakamua mafuta ya zeituni. Mafuta yakitoka, hubaki maji meusi, machungu, yanayonuka, yanayoua kila kitu yanapomwagwa. Profesa anataka kuyakausha kwa jua. Maji yanaletwa kwa mapipa kutoka California, na mume wangu (hilo hapo tena) ndiye fundi wa banda la kukaushia, upande wa Clintonville. Nikamuuliza kwa nini wanajaribu hapa Ohio penye mawingu. Akasema, "Yakikauka hapa, yatakauka popote." Anarudi nyumbani ananuka kama pipa. Majirani wanafungua madirisha. Mimi nafungua mikono.

Sasa ombi langu. Jumamosi tarehe 24 Agosti baba mkwe, Papa Nshombo, na mama mkwe, Mama Kavugho, watatoka Louisville kuja kula kwetu mara ya kwanza. Desturi unaijua kuliko mimi: bi harusi hawapikii wakwe mpaka shangazi yake aje kumpikisha. Uwashe moto wa kwanza kwa mkono wako, unishike mkono kwenye mwiko, uonje wewe kwanza. Baba hana dada mwingine. Kwa sasa wageni wakija tunawapa soda na biskuti za kununua, nami naona haya. Njoo, Shangazi.

Mwanao mwenye furaha inayomwagika,
Précieuse


Cheektowaga, Buffalo
9 Mei 2024

Précieuse mwanangu,

Salamu zako nimezipokea zote, hata za ile mikono ya kuazima. Barua nimeisoma kwenye basi nikienda kazini kuwatunza wazee wangu, nikacheka mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Theluji imeondoka, imeacha matope. Hadassa ni mzima. Anajibu Kiingereza, nami nimeanza kumkaripia kwa Kishi, lugha ya kwetu, ili tulingane.

Msalimu Baba yako. Mwambie mguu unataka kutembezwa, hautaki kusifiwa.

Katika bahasha hii kuna mbegu za lengalenga, ule mchicha wetu wa nyumbani. Ni uzao wa zile nilizotoka nazo kwenye kambi ya wakimbizi ndani ya soksi. Kila mwaka nazipanda, navuna, natunza nyingine. Sasa nusu ni zako. Zipande jua likiwa limeshika.

Juu ya Agosti, iko mbali, na kazi yangu haina kalenda. Tutaona.

Nina swali moja. Hayo maji meusi, kabla hayajakauka, mume wako anayaweka wapi? Na shimo likijaa, yanaelekea wapi? Muulize kwa utaratibu. Usimwambie ni mimi niliyeuliza.

Kula vizuri. Mwanamke aliyeolewa hupungua kwa furaha, halafu watu husema ananyimwa chakula.

Shangazi yako,
Emérence


Reynoldsburg, Columbus
27 Mei 2024

Shangazi wangu wa mbegu,

Amani iwe juu ya nyumba yako na juu ya soksi zako zote! Lengalenga zimeota! Tuna kipande cha bustani nyuma ya kanisa, tumegawana na watu wa kwetu. Kushoto kwangu analima Mzee Karaha, anayejua kila mdudu kwa jina. Kulia ni Mama Ruta, na hao wawili hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa mstari wa maharage. Asubuhi zilipochomoza zilikuwa nyekundu na ndogo kama kucha za mtoto. Nilipiga magoti nikaziimbia. Mzee Karaha akasema, "Bi harusi, hizo ni mboga, si mapacha."

Baba amepata miwani mipya. Mama anakusalimu.

Swali lako nilimuuliza kwa utaratibu. Eliezer alinitazama, akasema, "Nani amekufundisha kuuliza hivyo?" Nikasema, mke wako. Akanibusu kwenye paji la uso, lakini bega halikutangulia. Kisha akanipeleka bandani nikaone mwenyewe.

Shangazi, banda lote ni plastiki inayopitisha mwanga. Ndani kuna masinia marefu meusi, na maji yamemwagwa humo kina cha vidole viwili tu. Jua linaingia, joto linapanda, nywele zangu zilijikunja zenyewe. Feni inavuta mvuke kwenda nje. Mume wangu anapita na reki ya mbao, anakoroga taratibu ili ngozi isifunge juu. Anafanya kwa upole, nikaonea wivu masinia. Baada ya siku kumi au zaidi, yale maji yanakuwa kama matope, halafu kama keki iliyopasuka. Keki hiyo wanaichanganya na makapi ya zeituni, wanaifinyanga kuwa vitofali, navyo vinawaka kama makaa! Nyingine wanaisaga na kuichanganya na samadi ili wapate mbolea. Na mapipa ya maji mabichi yamesimama ndani ya beseni kubwa la saruji. Pipa likivuja, maji yanabaki humo. Hakuna tone linalokwenda popote. Alinionyesha beseni hilo mara mbili bila mimi kuuliza mara ya pili.

Sasa nikuambie siri. Nataka kumshangaza. Kama yakikauka yanakuwa mbolea, mabichi si yatakuwa na nguvu zaidi? Maziwa mabichi si yanapita maziwa ya unga? Basi alipogeuka nilichota kidumu kimoja. Zikifika urefu wa kidole nitazimwagia lengalenga zako. Zikiwa msitu nitamwita aone, nimwambie: hii ni kazi ya mikono yako na mbegu ya shangazi yangu. Mapenzi yangu mawili katika kitalu kimoja!

Nakukumbatia mpaka shingo iume,
Précieuse


Cheektowaga
8 Juni 2024

Précieuse,

Sikusalimu leo, utanisamehe. Nilifanya shifti mbili mbili wiki hii na barua yako nimeifungua sasa hivi, imekaa mezani siku sita. Nimekupigia simu mara nne, hupokei.

Usimwage hayo maji. Usimwage hata kikombe. Mrudishie mume wako.

Emérence


Reynoldsburg, Columbus
15 Juni 2024

Shangazi wangu,

Nakusalimu kwa sauti ndogo. Simu ilikuwa imeanguka ndani ya beseni la vyombo. Barua yako ilifika tarehe 12. Nilikuwa nimemwaga tarehe 6.

Zimekufa zote. Siku ya kwanza zililala. Siku ya tatu zilikuwa kama nyuzi za chai. Udongo umekuwa na ngozi juu, maji ya mpira yanapita bila kuingia. Na si zangu tu. Kitalu kina mteremko, maji yakaenda kwa Mzee Karaha, yakamuulia mistari miwili ya nyanya. Naye anasema ni Mama Ruta amemwaga maji ya chumvi kwa sababu ya ule mpaka. Anamwambia kila anayepita. Jumapili watu walikuwa wakimtazama Mama Ruta kwa pembeni. Nami nilisimama pale na kitabu cha nyimbo, Shangazi, na nikaimba.

Zilikuwa mbegu zako za soksi. Nimelia mpaka Eliezer akadhani nina mimba.

Nilimpeleka bustanini. Hakunigombeza. Aliinama, akashika udongo, akaunusa, akaketi kwenye nyasi na suruali yake ya kazi. Akasema, "Harufu hii naijua tangu utotoni. Ile ya utotoni haikuwa ya zeituni, lakini ni ndugu yake. Ilikuwa ya maji ya mawese." Nikamsomea barua yako. Akaitaka aisome mwenyewe, akalitazama jina lako muda mrefu. Akaniuliza, "Shangazi yako alikuwa na mabwawa ya samaki kule nyumbani, Bunyakiri?" Nikasema sijui. Akasema, "Muulize. Na umwambie ninayeuliza ni mimi."

Nauliza, basi. Ulijuaje kwamba yanaua, Shangazi? Na kwa nini hukuja kwenye harusi yangu?

Précieuse wako, asiye na lengalenga


Cheektowaga
2 Julai 2024

Mwanangu mpenzi,

Pole. Futa machozi, mbegu ninazo nyingine. Mtu anayetunza mbegu hatoi zote. Mimi ni mzima, Hadassa ni mzima. Barua hii nimeianza mara tano, Hadassa anadhani naandika wosia.

Ndiyo, nilikuwa na mabwawa. Mawili. Nilichimba na marehemu mume wangu, tukayajaza tilapia. Alipokufa mabwawa ndiyo yaliyonishika mkono. Juu yetu, kwenye kijito kile kile, Papa Nshombo alikuwa na kinu cha mawese. Maji ya kuchemshia alikuwa anayatia kwenye shimo. Mwaka mmoja michikichi ilizaa sana, shimo likajaa. Asubuhi moja nikakuta samaki wangu wote juu ya maji, midomo wazi, na maji yana ngozi ya rangi ya chungwa.

Nilipanda kwake. Aliniambia atakuja kuangalia. Hakuja. Jumapili, watu wakitoka kanisani, akasema mbele yao kwamba mimi nilitia sumu bwawani ili nivue haraka. Kuna waliokula samaki wale wakaumwa tumbo, basi wakaamini. Tangu siku ile jina langu likawa Mama Sumu. Lilinifuata mpaka kambini, na hata baba yako sikumtajia aliyelianzisha. Siku moja kulikuwa na msiba, kila mwanamke alipika. Sufuria yangu haikufunguliwa na mtu. Niliirudisha nyumbani imejaa, kichwani, na wewe mgongoni, mama yako akiwa mgonjwa. Wewe ndiwe uliyekula. Ulikula mpaka ukalala.

Kadi yako ya harusi ilipofika niliona jina la Nshombo. Kazi ilinipa ruhusa, mwanangu. Mimi ndiye niliyejinyima. Sikukuambia kwa sababu furaha ya bi harusi haimwagiwi maji ya watu wengine. Na juu ya kukupikisha: mkono wa kupikisha lazima uwe mkono ambao watu wanakula bila kuuliza. Wakwe zako wanajua jina langu la pili. Nikiwasha moto wako, chakula chako kitaanza na swali.

Mume wako simlaumu. Alikuwa mtoto. Na mtu anayeonyesha beseni la saruji mara mbili ana kitu moyoni. Mpende.

Lakini sikiliza jambo moja. Nenda kwa Mzee Karaha leo, kabla ya jua kuzama, na Mama Ruta awepo. Sema, "Ni mimi." Nyanya zinaota tena, jina haliwi hivyo.

Shangazi yako,
Emérence


Reynoldsburg, Columbus
28 Julai 2024

Shangazi wangu, mama yangu wa mgongoni,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, kweli, karatasi iko kwenye kitanda. Tu wazima wote. Baba nimemwona wiki iliyopita, utajua kwa nini.

Nilikwenda siku ile ile barua ilipofika. Nikawaita wote wawili, nikasema, "Nyanya zimekufa kwa sababu yangu. Mama Ruta hana kosa." Mzee Karaha akasema, "Umeniulia nyanya kumi na nne na jirani mmoja." Mama Ruta akamjibu, "Jirani hajafa, anasubiri uombe radhi." Aliomba, Shangazi! Mbele ya watu, kofia mkononi. Sasa wanabishana juu ya mpaka kila siku kwa furaha.

Eliezer alikuwa amesimama nyuma yangu. Tukarudi mpaka mlangoni. Hapo akasema, "Jumamosi tunakwenda Louisville."

Alichukua chupa moja ya maji meusi, akaifunga kwa mifuko mitatu, na bado tuliendesha saa tatu na nusu madirisha wazi. Nyumbani kwao aliiweka mezani mbele ya baba yake, akafungua kifuniko. Harufu ikajaza sebule. Papa Nshombo aliinusa, nikaona uso wake unazeeka. Akasema, "Umeitoa wapi?" Eliezer akasema, "Kazini, Papa. Haya ya kwetu tunayakausha. Yale ya kwako uliyapeleka wapi?"

Halafu Mama Kavugho, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akasema kutoka jikoni, "Nshombo, sema. Miaka ishirini nalala na neno hilo katikati ya kitanda."

Papa Nshombo alijaribu kusema, mdomo ukakataa. Akaomba kalamu, akaanza kuandika, akamaliza kesho yake Jumapili baada ya kanisa; sisi tulilala kwa Baba. Karatasi yake iko ndani ya bahasha hii, sijabadilisha hata nukta. Mimi sikumwomba aandike vile. Eliezer hakumwomba. Tukiwa njiani kurudi mume wangu alilia akiendesha, nikamshika goti mpaka Cincinnati. Nampenda zaidi ya mwezi Aprili, na Aprili nilidhani nimefika mwisho.

Sikuombi kitu. Tarehe 24 unaijua.

Précieuse wako

*

Mama Emérence,

Maji yalikuwa yangu. Shimo lilijaa nikalifungua, na nilijua mabwawa yako yako chini. Sumu niliitia mimi kwa mdomo wangu. Wewe hukutia kitu. Niliogopa watu kunijua, kisha nikaogopa watu kujua kwamba niliogopa.

Jumapili hii nimesimama kanisani hapa Louisville, palipo na watu wa kwetu, nikasema hivi hivi.

Tarehe 24 Agosti nitakaa mezani kwa mwanangu. Nitakula kitakachotoka kwenye mkono wako. Usipokuja, sitakula.

Nshombo


Cheektowaga
11 Agosti 2024

Précieuse mwanangu,

Amani kwako na kwa huyo mwenye bega. Huku kumekuwa na joto, wazee wangu wanagombania feni. Mimi ni mzima, nalala.

Karatasi ya Papa Nshombo nimeisoma mara moja tu. Halafu nikamsomea Hadassa kwa sauti, nikamweleza yote, maana hakuwahi kuyajua. Kisha akasema, "Mama, twende." Kwa Kiswahili. Nilikaa chini.

Basi sikiliza, bi harusi, andika mahali. Tutafika Ijumaa tarehe 23. Nunua mwiko mpya wa mbao, usiutumie. Sufuria usinunue, naleta yangu, ile ile ya kambini. Mwambie mume wako moto wa kwanza hautakuwa wa gesi. Tutauwasha uani, na tutauwasha kwa vitofali vyake. Nimeyaona maji hayo yakiua. Kabla sijafa nataka kuyaona yakipika. Kama yanatoa moshi mbaya tutajua, watu wa plastiki na feni wasijisifu bure.

Nitapika samaki. Tangu Bunyakiri sijapika samaki, Hadassa hudhani siwapendi. Nimemwagiza mtu wa soko hapa Buffalo, wataletwa ndani ya barafu, wakubwa. Nitakushika mkono kwenye mwiko, na nitaonja kwanza kama inavyotakiwa. Anayefuata kuonja ni Papa Nshombo. Nitakaa mbele yake.

Mwalike Mzee Karaha. Mwalike Mama Ruta. Mwalike kila mtu wa kwetu aliye karibu, wajae mpaka kwenye ngazi. Sufuria yangu ni kubwa, na safari hii nataka kuirudisha Cheektowaga ikiwa tupu.

Shangazi yako, anayekuja,
Emérence